Jiwe Lililopakana na Panza

Wanangu mnaoingia kazi ya upimaji ardhi, nimeombwa niwaandikie machache kabla sijasahau nusu na kuitia chumvi nusu iliyobaki. Mimi ni Kombo, mtu wa Chake Chake. Nimepima mashamba, viwanja, barabara na hata makaburi ya kisiwa hiki cha Pemba tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sasa nimestaafu. Siku hizi napima umbali wa kutoka kitandani hadi msikitini, na huo nao unarefuka kila mwaka. Ila kipimo kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kushiriki nilikipata baada ya kustaafu, na kitu chenyewe hakikuwa Pemba wala duniani. Kilikuwa jiwe, liko huko ukingoni mwa mfumo wa jua, mbali kupita sayari zote mlizozikariri skuli. Nitalifikia. Kwanza kuna mnazi.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mzee Faki. Mfupi, mkavu, hana haraka, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko panga la kufyekea njia. Wiki yangu ya kwanza alinipeleka shamba moja upande wa Makangale, karibu na msitu wa Ngezi, akanionyesha mnazi mrefu na kuniambia niupime urefu wake. Nikavua viatu. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachomeka fimbo ardhini, akapima kivuli cha fimbo, akapima kivuli cha mnazi, akapiga hesabu kichwani na kunipa jibu. Mkwezi aliyekuwa pale hakuridhika. Akauma ncha ya tepu kwa meno, akapanda, na kutoka juu akatangaza kuwa mzee kakosea, mnazi ni mfupi kuliko alivyosema. Wakabishana hadi adhuhuri. Mwisho ikajulikana kuwa mkwezi alipima mpaka penye nazi, maana kwake yeye mnazi unaishia hapo, juu ya hapo hakuna faida. Kivuli cha Mzee Faki kilikwenda mpaka ncha ya kuti la juu kabisa. Wote wawili walikuwa sawa. Hawakuwa wameulizana tu mnazi unaishia wapi.

Nusu ya kazi yenu ndiyo hiyo. Mashine itawapa namba, lakini haitawaambia kitu kinaishia wapi.

Jambo jingine ni raba. Nilikwenda kazini na penseli nzuri yenye raba nyuma, Mzee Faki akaing'oa ile raba akaitupa kichakani. Kwake yeye raba ilikuwa haramu. Kipimo ulichokichukua kwa haki, hata kikikuchukiza, hukifuti. Unakipiga mstari mmoja, kiendelee kusomeka, na kingine unakiandika pembeni. Alisema kipimo usichokipenda leo ndicho kitakachokuokoa kesho. Nami nilipopata vijana wa kuwafunza niliwapokonya raba wote, mmoja baada ya mwingine, na walinichukia kama nilivyomchukia mzee.

Msidhani nawaambia kuwa zamani kulikuwa bora. Zamani kulikuwa na siafu. Tuliburuta cheni ya chuma katika tope la mikoko mpaka magotini, na theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, tuliibeba kwa zamu kama mtoto mchanga, asiye na zamu anakagua kama aliye na zamu kambeba vizuri. Nyinyi mnasimamisha kifaa cha setilaiti, mnabonyeza, mnakwenda kivulini kuangalia simu. Sina kinyongo. Ningekuwa nacho nami ningekaa kivulini.

Lakini setilaiti haijui kuwa hapa kwetu ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na mikarafuu iliyosimama juu yake ikawa ya mwingine. Alikuja mpimaji mmoja mgeni, mtu mzuri tu, akaweka bikoni, yale mawe ya mpaka, kuzunguka shamba la Wawi na kumpongeza mwenye ardhi kwa mikarafuu yake. Mwenye mikarafuu alikuwa amesimama nyuma yake, na mke wa mwenye mikarafuu naye yupo. Yule mgeni alikunywa chai kwetu siku tatu hadi mambo yakapoa.

Na ukitaka kujua shamba la mtu limeishia wapi, usimuulize mwenyewe. Mwenyewe shamba lake halina mwisho. Muulize jirani. Jirani atakwambia, "Hapa si pake, hapa pangu," na hilo ndilo neno la kuandika. Ndiyo maana hati zetu za zamani hazikuwa na namba nyingi. Zilikuwa na majirani: kaskazini limepakana na fulani, kusini limepakana na fulani. Shamba lilijulikana kwa watu waliosema kuwa si lao.

Sasa tuje kwa Riziki. Huyu alikuwa msichana, kijana wangu wa mwisho kazini, mzaliwa wa Kisiwa Panza, kile kisiwa kidogo kusini ya Pemba. Mwembamba, buti zake za mpira zilikuwa kubwa mno, na alikuwa na tabia ya kuniuliza "Una hakika, Mzee?" mbele za watu. Nilimpenda kwa hilo, ingawa wakati ule sikumwambia. Kazi aliijua. Tatizo lilikuwa kwao. Panza pakitokea ugomvi wa mpaka, walimfuata mpimaji mwanamume Chake Chake, wakampandisha boti na kumlisha pweza, na Riziki yuko nyumbani kwao ameketi. Walisema huyu mtoto wetu, tumemuona akitambaa, atatupimia nini? Jambo hili lilimuuma kuliko alivyokubali kuonyesha. Alinambia mara moja tu kwamba neno lake lina thamani kila mahali isipokuwa kwao.

Nilikuwa nimeshastaafu alipofika Daktari Neema, binti wa bara aliyesomea nyota chuo kikuu. Mgeni yeyote asiyejulikana apelekwe wapi hupelekwa kwa mstaafu. Alinisalimu vizuri, akakaa, akanieleza. Kuna jiwe kubwa, asteroidi, linazunguka jua mbali kiasi kwamba mwaka wake mmoja sisi huku tunazaliwa na kuzikwa vizazi kwa vizazi. Hata darubini kubwa huliona kama nukta. Upana wake hakuna anayeujua sawasawa. Ila usiku mmoja wa mwezi ule lingepita mbele ya nyota, na kwa aliyesimama ndani ya kivuli chake, nyota ingezimika kidogo kisha ingerudi. Nyota yenyewe iko mbali zaidi na zaidi, kwa hiyo kivuli cha jiwe kinapofika kwetu kina upana ule ule wa jiwe. Ukipima kivuli, umelipima jiwe.

Nikamhadithia ule mnazi. Alicheka, akaomba ruhusa ya kuwasimulia wanafunzi wake.

Wenzake walikuwa wamejipanga pwani ya bara, kaskazini zaidi, ambako kivuli kingepita kwa uhakika. Shida ilikuwa ukingo wa kusini. Hesabu zilisema utaangukia Pemba au karibu na Pemba, lakini wapi hasa hazikusema. Alikuwa na darubini tatu ndogo zenye kamera. Moja tukaamua iende Makangale, kaskazini, kwa walimu wawili wa skuli, ya pili ikae Gombani, hapa katikati ya kisiwa, karibu na uwanja wa mpira, ambako mimi na yeye tungekuwa. Ya tatu aliitaka Mkoani, kusini. Riziki, niliyemwita atusaidie, akaomba iende Panza: ni kusini zaidi, taa ni chache, na ni kwao. Daktari akakubali.

Riziki akawaahidi watu wake kuwa nyota itazimika. Hapo ndipo alipopotoka kidogo, kwa sababu Daktari alisema "huenda". Lakini "huenda" haimtoi mtu nyumbani kwake. Watu wa Panza walijitahidi. Walizima taa, na kwa kina Riziki, ambako kaka yake alikuwa anaoa Ijumaa ile, walinyamazisha hata muziki wa harusi. Baada ya sala ya isha kisiwa kizima kilikuwa kiwanja cha skuli, wazee mbele wamekalishwa kwenye mikeka.

Sisi Gombani tulipata wingu. Halikuwa hata kubwa. Lilikuja, likaketi juu ya nyota yetu, na lilipoondoka wakati ulikuwa umepita. Daktari Neema alifunga kifuniko cha darubini. Simu ikalia kutoka Makangale: nyota ilizimika na ikarudi, kamera imenasa. Tulifurahi. Tukapiga Panza. Simu ya Riziki ililia mara moja, kisha ikazimwa. Tukapiga tena mpaka tukachoka.

Asubuhi tukaenda. Ndege ya Daktari ilikuwa alasiri. Ndani ya boti ya kuvuka kutoka Chokocho alinieleza hali ilivyo, kwa utulivu, kama mtu anayesoma bei ya unga. Makangale wamemwambia kivuli kilifika. Hakuna aliyemwambia kiliishia wapi. Kinaweza kuwa kiliishia hatua chache kusini ya walimu wale, kinaweza kuwa kilikwenda mpaka Unguja. Bila Panza, jiwe litabaki halina mwisho upande huu, na jiwe kama hilo kupita tena mbele ya nyota, kivuli kikaangukia penye watu, si jambo la kungojea.

Tulipokelewa na watoto waliokuwa wakiimba "Bi Nyota, Bi Nyota" na kukimbia. Nikajua mambo hayakwenda vizuri. Riziki tulimkuta uani kwao ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi za harusi kwa hasira, na hakuacha kukuna alipotuamkia. Mama yake akatuletea viti na uso wa kuomba radhi. Tukaelezwa yote.

Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu. Nyota ilikuwa katikati ya kioo cha kompyuta, kila mtu anaiona. Wakati ukafika, ukapita, nyota iko pale pale. Kisha mtu mmoja akapata simu ya jamaa yake wa Makangale kwamba wao wameona. Hapo kiwanja kikabadilika. Kijana mmoja akaapa kuwa ilikonyeza. Wa pili akaona na yeye. Punde nusu ya Panza ilikuwa imeiona nyota ikizimika, na wengine walijua hata ilizimika kuanzia upande gani. Nyinyi mnajua habari za mwezi wa Ramadhani, akishaona mmoja macho ya wote hufunguka. Walimtaka Riziki atangaze kuwa imezimika, watu wasiwe wamekaa gizani bure. Akakataa. Akasema haikuzimika. Ndipo wakamcheka, kwamba msichana huyu kwanza kaahidi nyota itazimika, sasa wenzake wameona, yeye haoni. Mjomba wake alisema ndiyo maana wao hufuata mpimaji Chake.

Sasa mtasema kwa nini hakutupigia simu. Mtu wa mbali hatafahamu, lakini mtoto wa hapa atafahamu. Sisi tumelelewa na mwandamo wa mwezi. Aliyeuona hupeleka habari na kuulizwa maswali. Asiyeuona hukunja mkeka akaenda zake kulala. Sijapata kusikia mtu anapanda baiskeli kwenda kwa sheha kusema, "Nimetazama, sikuona." Kwa Riziki, yeye alikuwa mtu asiye na habari. Alikuwa na aibu tu, na aibu haipigiwi simu.

Daktari Neema akauliza maswali mawili, polepole. Kama palikuwa na wingu. Riziki akasema hapana. Kama darubini iliwahi kutikisika au kuhama kwenye ile nyota. Akasema hapana, tangu mwanzo mpaka mwisho. Daktari akasimama, akakaa, akasimama tena.

Halafu akauliza la tatu, na hapo sauti yake ilibadilika. Ile kadi ya kamera iko wapi?

Kaka yake Riziki, bwana harusi, alikuwa amesimama mlangoni. Akasema kwa haya kuwa tangu alfajiri anaiomba, maana mpiga video wa harusi kadi zake zimejaa na hii ina kitu gani, nyota moja imekaa haifanyi kazi. Nimeshuhudia bikoni zikizikwa na ramani zikiliwa na mchwa, lakini sijawahi kuogopa kupoteza kipimo kama nilivyoogopa pale.

Riziki akaacha kukuna. Akafungua pindo la kanga yake, kadi ikatoka.

"Kila mtu kanambia nifute," akasema, ananitazama mimi. "Raba si ulinipokonya weye, Mzee?"

Machozi yalinilenga, nikasingizia moshi wa jikoni, ingawa jiko lilikuwa upande wa pili.

Daktari Neema alitaka yeye mwenyewe awaeleze watu. Wakakusanyika nje ya msikiti baada ya sala ya adhuhuri, wengine wanatabasamu tayari kwa kicheko kingine. Mbele aliketi Mzee Hamad, ambaye kwa miaka mingi ndiye jicho la Panza katika kutazama mwezi. Akisema kauona, hakuna anayeuliza mara mbili. Daktari akawaeleza habari ya kivuli na ukingo. Akawaambia Gombani hawakuona kwa sababu ya wingu, na kutoona kwao hakuna faida yoyote. Lakini aliyetazama mbingu nyeupe kwa chombo kilichotulia, asione kitu kikibadilika, huyo ameona jambo kubwa: ameona kuwa kivuli hakikufika. Kisha akageuka, akamuuliza Mzee Hamad kwa adabu yeye aliona nini jana.

Kicheko kikakatika. Nilifahamu kwa nini. Kumbe mzee jana hakutia neno hata moja, na katika ile kelele hakuna aliyekumbuka kumuuliza.

"Mie nlitazama," akasema Mzee Hamad. "Macho yangu hayakubanduka. Haikuzimika."

Yule kijana wa kwanza kuapa akaanza kuangalia viatu vyake.

Mzee akaendelea kufikiri, kidole kikichora mstari kwenye mchanga. Yeye ni mkulima, hati za mashamba anazijua tangu za babu zake. Akainua uso. "Basi jiwe hilo," akasema, "kusini limepakana na sie."

Kama mpimaji ningeweza kumrekebisha. Mpaka wenyewe ulipita mahali fulani baina ya Makangale na Panza, na katikati hapo kuna Pemba karibu nzima. Lakini ni mara ngapi mtu anapata kumwona mzee wa miaka yake anakuwa jirani wa kitu cha namna ile? Nikaliacha neno lake. Daktari Neema alikuwa anaandika maneno yake.

Akaondoka na kadi yake. Baadaye alituletea habari kuwa wameunganisha vipimo vya bara na vyetu, na jiwe sasa lina mwisho kwa upande wa kusini. Ni dogo kuliko walivyodhani. Kaka yake Riziki alioa, video ilikatika kabla ya bibi harusi kutoka, na familia yao mpaka leo inazilaumu nyota.

Jiwe lenyewe halijui lolote. Linaendelea kuzunguka huko gizani, na halitamaliza mzunguko wake hata mjukuu wa kitukuu chenu akistaafu. Sipendi watu wanaosema mbingu zinatufunza. Mbingu hazina habari na sisi. Waliokuwa na habari ni watu wa Panza.

Kwa sababu miezi kadhaa baadaye pakatokea ugomvi wa mpaka, na safari hii ulimgusa Mzee Hamad mwenyewe, shamba lake na la mpwawe. Mjomba wake Riziki akajitolea kwenda Chake Chake kumchukua mpimaji, kama kawaida. Mimi nilikuwapo, nimekwenda kula pweza wa watu bila kazi. Mzee Hamad akamwambia aketi.

"Mwiteni Riziki," akasema. "Yule asipoona, husema hakuona."

Alikuja na buti zake kubwa. Akawauliza majirani kwanza, mmoja mmoja, kama nilivyomfunza, kisha ndipo akasimamisha chombo. Alipomaliza, mpaka ukaangukia upande wa mpwa, na Mzee Hamad akapoteza mikarafuu miwili. Riziki akaiweka karatasi ya vipimo mbele yake.

Mzee Hamad akamuuliza, "Una hakika, mwanangu?"

Akajibu kuwa anayo. Mzee akaomba kalamu, akatia sahihi.